Zimwi na Mkongojo wa Mwanaidi

Paukwa!
Pakawa!
Kaeni vizuri, na anayetaka kwenda kukojoa aende sasa.

Hapo kale palikuwa na Mwanaidi, bingwa wa ngoma. Akiingia kati, wengine hugeuka watazamaji. Siku moja akateleza kisimani, mguu ukavunjika.

Wifi yake, Bi Mize, alikuwa mganga wa mifupa. Akauunga ule mguu, ukashika, kisha akamchongea mkongojo wa mkwaju. Kila asubuhi akimfundisha hatua, fimbo kwanza, kisha mguu mbovu, mwisho mguu mzima, akimwimbia: "Fimbo, mbovu, mzima. Fimbo, mbovu, mzima. Fimbo, mbovu, mzima."

"Nakwenda kama kaa, wifi."

"Kaa anafika. Wewe juzi ulikuwa unabebwa chooni."

Mwanaidi akaona haya. Basi akawa anajifunzia porini, mahali asipoonekana na watu. Na pasipo watu ndipo linapokaa zimwi.

Alilikuta juu ya jiwe, mguu mmoja umekauka kama kuni. Miaka saba halijafika kijijini, limekonda kwa njaa.

"Mwanamke mzuri, fimbo mbaya," likasema. "Nipe. Maadamu ninayo mkononi, mguu wako utakuwa mzima."

Alasiri ile kulikuwa na harusi. Mwanaidi hakuuliza zimwi lina haja gani na mkongojo. Akautoa.

Akaenda akacheza, watu wakapiga vigelegele. Mara, nyuma ya nyumba: ko, ko, ko.

"Hiyo si fimbo ya Mwanaidi?" mmoja akauliza. Wote wakamtazama, naye yuko kati anaruka kwa miguu miwili.

Ko, ko, ko. Wakamsikia Bi Mize kule nyumbani: "Wifi, pita, uji tayari." Kisha yowe.

Mwanaidi akainamisha uso. "Mkongojo nimelikabidhi zimwi," akasema. Akakimbia.

Akalikuta ukingoni mwa korongo, Bi Mize yumo guniani mgongoni mwake, zimwi linayumba.

"We mwanamke, mteremko huu unashukwa vipi?"

Mwanaidi alijua: fimbo ikilitoka mkononi, mguu wake unarudia ubovu. Basi akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza, siwafichi. Mle guniani Bi Mize akakohoa.

"Tanguliza mguu mzima," Mwanaidi akasema. "Fimbo ibaki nyuma."

Zimwi likatanguliza mzima. Ule mkavu ukakunjika, likaporomoka hadi chini, likavunjika shingo. Gunia likanasa kwenye miiba, mkongojo ukabaki ukingoni, na Mwanaidi akaanguka chini pwaa.

Bi Mize akatoka, miiba kichwani, akauokota mkongojo.

"Ulikuwa ukiionea haya fimbo," akasema. "Leo una haya ya kweli. Shika, twende."

Wakapita katikati ya uwanja wa ngoma, watu wamesimama pande zote. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma kuliko kicheko.

"Fimbo, mbovu, mzima," Bi Mize akasema nyuma yake. Mwanaidi akapiga hatua.

"Fimbo, mbovu, mzima." Akapiga nyingine.

Mara ya tatu akaisema Mwanaidi mwenyewe, kwa sauti, wote wakamsikia.

Hadithi yangu nimeitua hapo, anayeitaka aichukue. Kutembea na mkongojo si aibu. Aibu ni kumtoa mwenzio aliwe, ili wewe uonekane mzima.