Mhanga Aliyechimba Kichwa Chini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya wenye njaa? Na ninyi watu wazima huko nyuma, midomo yenu imeshonwa? Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima mrefu, umekaa katikati ya njia kama mgeni asiyejua kuaga. Upande huu majani yamekwisha. Upande ule majani tele. Nyumbu wakitaka kuvuka, sharti wapande juu kabisa, kwenye mawe makali. Na kila mwaka ndama wawili watatu huteleza. Wakianguka, ndiyo basi tena.

Nyumbu wakachoka kulia. Wakamwendea Mhanga. Mnamjua Mhanga? Yule mla mchwa, mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe. Kwa kuchimba, hana mpinzani.

"Bwana Mhanga," wakasema, "tuchimbie njia ipite tumboni mwa mlima, itokee upande wa pili."

"Kumbe hilo tu? Mwezi ujao ukiandama, mtapita."

Sasa sikilizeni desturi ya wahanga. Mhanga huchimba kichwa chini, mkia juu. Na kila tundu analoliona, huliziba kwa udongo, adui asije akapitia humo. Ndivyo alivyofanya babu yake, ndivyo alivyofanya baba yake. Basi akaanzia upande wa juu, akashuka. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Msaidizi wake, Ngiri, yuko nyuma anatoa udongo. Na Mhanga anaimba:

Chimba, sukuma, ziba!
Chimba, sukuma, ziba!

Siku ya saba, ndo! Tone la maji puani. Mhanga akaziba. Maji yakatokea kushoto. Akaziba. Yakatokea kulia. Akaziba. Yakatokea chini, yakamfika magotini. Shimo lenyewe limeinamia ndani, maji yatatokaje?

"Bwana," akasema Ngiri, "wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Hii sasa ni chururu."

"Chukua kibuyu, uyachote, uyamwage nje. Maneno punguza!"

Ngiri akachota. Akapanda, akamwaga mchangani, chwaa! Akashuka, akachota, akapanda, akamwaga, chwaa! Kutwa kucha, masikini, mpaka mgongo ukamlia.

Tuwaache hao kidogo. Twende upande wa pili, chini kabisa ya mlima. Hapo palikuwa na chemchemi, na katika chemchemi aliishi Kaa. Alikuwa na mayai mia mbili chini ya tumbo. Yamebakisha siku chache tu yaanguliwe.

Asubuhi moja Kaa akaona maji yamepungua upana wa kidole. Mwingine angepiga yowe. Kaa akachomeka kijiti ukingoni mwa maji. Kesho yake maji yamekiacha kijiti. Akachomeka cha pili. Kesho yake, cha tatu.

"Ajabu!" akasema. "Jua ni lile lile. Tembo hajapita hapa. Nani anakunywa maji yangu?"

Alitaka kujua, na aliogopa pia. Mayai ya kaa yakikauka, hayana dawa.

Akaweka miguu yake juu ya jiwe, akatulia. Mbali ndani ya mlima akasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

"Lo! Mlima una mtu tumboni!"

Akafunga safari kuuzunguka mlima, upande upande, akipenya nyufa za mawe asizopenya nyumbu, siku mbili nzima, akiyalowesha mayai kwa umande. Akamkuta Ngiri na kibuyu. Chwaa! Kaa akayaonja maji yale. Akayaonja tena. Yana ladha ya chuma ile ile ya chemchemi yake.

"Kaka Ngiri, haya maji ni ya kwangu!"

Mhanga akatoa kichwa shimoni. "Bibi wee, hapa tunajenga njia. Mambo ya maji peleka mtoni."

"Nina swali moja tu. Ukiyaziba, yanakwenda wapi?"

"Sijui, na si kazi yangu."

"Na ukiyamwaga huku, nani anayakosa kule?"

"Nimesema si kazi yangu!" Akarudi ndani. Chimba, sukuma...

Hakufika kwenye ziba. Pwaaaa! Udongo wote aliozibia ukafumuka kwa mpigo, shimo likajaa. Yakabaki masikio mawili juu ya maji, yanapepea. Ngiri akapiga mbizi, akaukamata mkia, akavuta, akavuta, mpaka Mhanga akatoka akitapika tope.

Kaa naye aliingia majini, mayai yakapata kulowa. Lakini alijua maji yale kesho yatakuwa yamenywewa na mchanga.

Mhanga akakaa chini. Mara ya kwanza maishani mwake akauliza. "Dada Kaa, wewe unachimbaje kwako?"

"Mimi huanzia chini, kwenye maji, nikapanda. Maji yakija, yanashuka yenyewe. Anzia chemchemini kwangu. Chimba ukipanda, na kando ya njia uweke mfereji wa mawe. Maji yapite kwake, nyumbu wapite kwao."

"Nichimbe kichwa juu? Udongo utaniingia machoni!"

"Utafumba."

Basi Mhanga akavuka mlima kwa juu pamoja na Kaa, mpaka chemchemini. Nyumbu walipopata habari, walicheka siku ile! Fundi mkuu, kichwa juu, anapiga chafya, chya! Lakini alichimba mchana na usiku, maana alijua Kaa hana siku nyingi. Maji yakaja. Hakuyaziba. Yakateremka mferejini, yakaingia chemchemini.

Mwezi ulipoandama nyumbu walipita, na hakuna ndama aliyeanguka. Mayai yakaanguliwa mia na arobaini. Yale sitini yalikuwa yamekwisha kukauka. Kaa aliyalilia waziwazi.

Mhanga akaja, masikio chini. "Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema Kaa. "Lakini hao sitini sina la kuwaambia."

 

Mwaka uliofuata pundamilia wakamwita kwenye mlima mwingine. Siku ya kwanza hakuchimba. Siku ya pili hakuchimba. Anauzunguka mlima tu, pua chini.

"Fundi, umepoteza nini?" wakamuuliza.

"Sijapoteza. Namtafuta anayekunywa hapa."

Basi, watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: maji huonyeshwa njia, hayafungiwi mlango. Na kabla hujachimba kwako, zunguka kwanza ujue nani anaishi upande wa pili.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aibebe, na aliye na swali aulize sasa, sijaenda kulala.