Kidawa, Kiboko na Kikombe cha Udongo

"Jamani, mpo?"
"Tupo, na masikio tunayo!"
"Nimimine?"
"Mimina tupate!"

Hapo kale mto ulikauka, ukabaki mchanga mtupu. Likasalia dimbwi moja tu, na humo dimbwini alilala Kiboko. Kiboko mnene, Kiboko mchoyo. Akatoa amri: "Dimbwi langu! Sitaki midomo yenu humu. Kila mmoja kikombe kimoja. Atakayemwaga hata tone, asionekane hapa tena!"

Wanyama wakanywa kwa vikombe.

Sasa, alikuwepo pimbi mmoja, mdogo kama kiatu, jina lake Mwanakheri. Alikuwa na binti yake, Kidawa, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kidawa alijua titi la mama tu. Lakini kiu ilimkausha mama, maziwa yakakatika. Ikawa lazima mtoto ajue kikombe, la sivyo atakufa.

Mama akachota, akampa. Kidawa akatafuna ukingo: kru, kru. Akatia mkono ndani. Akakipindua. Bwaaa!

"Amemwaga!" Kiboko akanguruma. "Asionekane tena!"

"Mjomba, huyu ni mtoto."

"Mtoto wako, si wangu!"

Mwanakheri akambeba mwanawe, midomo imemkauka, akalia njia nzima. Alipochoka kulia, akafikiri. Kulipokucha akarudi, mtoto mgongoni, vikombe vya udongo kikapuni.

"Nilisema nini?" Kiboko akafoka.

"Sikuja kunywa, mjomba. Nimekuja kuuliza. Eti ni kweli hujui kunywa kwa kikombe?"

"Nani? Mimi?"

"Wanasema ndiyo maana hutoki majini."

"Lete kikombe!"

"Kikombe hakinywewi majini, mjomba. Mtu hutoka, akakaa pakavu, akakunja miguu."

Kiboko akatoka. Pwata, pwata, pwata. Akakaa: tii! Mwanakheri akavijaza vikombe vyake dimbwini. Huku nyuma ngiri na digidigi na kanga wakanyata, wakanyata, hadi dimbwini.

"Shika. Inua. Inamisha kidogo," akasema Mwanakheri.

Kiboko akashika, akainua, akainamisha. Maji yakamwingia puani. Chyaa!

"Lete kingine!"

"Shika. Inua. Inamisha kidogo."

Akakiuma. Kacha! Maji yote tumboni, lakini kwa nje.

"Lete kingine!"

"Shika. Inua. Inamisha kidogo, mjomba, kidogo!"

Akakimeza kikombe kizima. Gluu!

Kidawa akacheka. Akacheka mpaka akateleza mgongoni kwa mama yake, akaanguka chali. Akainuka, akachukua kikombe kilichobaki, kimejaa, akakishika kwa mikono miwili.

"Mjomba, hivi!"

Akainua. Akainamisha kidogo. Fyu. Akameza. Fyu. Akameza. Hadi chini kabisa, na tone halikuanguka. Mwanakheri akapiga kigelegele huku machozi yakimtoka.

Kiboko akageuka, akaona dimbwi limejaa wanyama. "Tokeni!"

Ngiri, ndevu zikichuruzika, akasema, "Mjomba, atakayemwaga asionekane hapa tena. Si maneno yako?"

Kiboko akajitazama. Amelowa chapachapa. Akaanza kulia kama kitoto: "Niende wapi na jua hili?"

Kidawa akamhurumia. Akachota, akamwendea. "Fungua mdomo, mjomba."

Basi dimbwi likawa la wote. Na mpaka mvua iliponyesha, Kiboko alinyweshwa kwa kikombe kila asubuhi, na Kidawa akimkaripia, "Polepole! Utapaliwa!"

Funzo lake ni hili. Watoto, msiwacheke wakubwa wanapomwaga maji. Mkicheka mtajifunza upesi, na wakubwa watakosa la kuwafundisha. Nanyi kina mama, mtoto akikataa kikombe msihangaike, mtafutieni kiboko. Huyu wa majini, jamani, si kile cha kuchapia!

Imeishia hapo. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie.