Fisi Apewa Zabuni ya Jela

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie!
— Ina miguu minne!
— Basi ikaribie, ikae!

Alikuwako Bi Pimbi, mdogo hivi, na mumewe alikuwa jela kwa kula kunde za mfalme. Kila asubuhi Bi Pimbi alikwenda, tiki tiki tiki, akampitishia uji kwenye ua wa miiba. Kisha wakakaa wameegemeana, miiba katikati.

Basi Mfalme Ndovu akachoka kulinda jela. Akatangaza zabuni: anayetaka kuiendesha aje. Bi Pimbi akaomba. Alisema atawalisha wafungwa washibe, na kila mmoja atatoka siku yake ikifika. Wakubwa wakacheka. Akaja Fisi, akafungua taya, kacha! Akapewa yeye. Akapewa funguo, na kikapu cha chakula kila siku kwa kila jina la mfungwa.

Vikapu akala mwenyewe, hata uji wa Bi Pimbi akaunywa. Kuku akaja kuuliza njia, akafungwa. Nyani akaja kuchota maji, akafungwa. Siku ya mume wa Bi Pimbi kutoka ikafika, ikapita. Bi Pimbi akamshika mkono, akakuta mfupa mtupu. Akalia kidogo, akajifuta, akamwendea Fisi.

"Bwana mkubwa," akamwambia kwa upole, "unajidhulumu. Unalala jela, unakula jela. Mbona jina lako halimo kwenye orodha ya vikapu?"

Fisi akaona kweli. Akajiandika, tena juu kabisa.

Kesho yake Ndovu akaja kukagua, gudu gudu gudu. Akaita majina. La kwanza likawa Fisi, naye akaitika yupo, macho yakiwa kwenye vikapu.

Bi Pimbi akasogea. "Mfalme, nauliza tu. Mfungwa anaruhusiwa kushika funguo?"

Ndovu akafikiri sana. Akamnyang'anya Fisi funguo, akampa Bi Pimbi, maana hakuna mwingine aliyekuwa ameomba zabuni.

Kwachu! Waliomaliza siku zao wakatoka, na waliofungwa bure wakatoka. Fisi akadai yeye si mfungwa. Akaonyeshwa mwandiko wake.

Mume wa Bi Pimbi hakuweza kwenda haraka. Bi Pimbi akapunguza hatua, wakarudi nyumbani mdogo mdogo, wakipumzika kila penye kivuli.

Tumejifunza nini? Kwamba serikali ikitafuta wa kuendesha jela, imchague mwenye meno makubwa.

Nami nimeitua hapa, aliyeipenda ajitwike.