Jiwe la Mzee Kirobo

Zamani hizo tajiri Kirobo alisimama na kombeo lake mpakani mwa shamba lake, akamwambia jirani yake Mwanakheri, aliyekuwa akiamia ndege wasile mtama shambani mwake: "Litakapoanguka jiwe hili, ndipo mpaka wangu utakapoishia!" Kijiji kizima kilisikia.

Mwanakheri akacheka. "Kutupa mbele hata bibi yangu anaweza, mzee. Mwewe yule juu ya kichwa chako humfikii."

"Simfikii? Mimi?"

Kirobo akazungusha kombeo, akalirusha jiwe juu wima. Likapaa, likawa dogo kama punje, likageuka. Upepo ukalisukuma. Kirobo akaruka kando akipiga yowe. Puu! Likatua nyuma yake, katikati ya vitunguu vyake.

"Asante, mzee," alisema Mwanakheri. "Mpaka ni pale. Haya, toka kwenye vitunguu vyangu!"