Kopo Lililozibwa kwa Nta

"Mtu hufilisika, amana haifilisiki." Mmeisikia huko sokoni, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Mwanaidi, weka simu hiyo chini, la sivyo utasimulia wewe. Methali hii ilianzia hapa hapa Tabora, katika nyumba niliyopanga mimi bibi yenu, na chanzo chake ni kopo la majani ya chai.

Nilikuja kutoka Ujiji na mume wangu, akafariki kabla mwaka haujaisha. Ndugu sina, jirani simjui. Nikauza baiskeli ya marehemu, nikapanga chumba kwa Mzee Mihayo, mfanyabiashara wa asali na nta. Mbali na kodi alitaka amana, ya kunirudishia siku nitakayohama ikiwa sijaharibu kitu. Pesa ya baiskeli yote ikaishia hapo.

Mzee yule alikuwa na desturi yake. Alitia amana ndani ya kopo, akaziba kifuniko kwa nta ya moto, akaniambia, "Mama, bonyeza kidole gumba." Gumba langu lina kovu, hili hapa, la kisu cha mihogo. Likabaki kwenye nta, kopo akaliweka juu ya rafu.

Siku hizo nyumba ilijaa wageni, wakila na kusaza. Kisha ukaja ukame, nyuki wakahama mizinga, na Mzee Mihayo alikuwa amekopa kwa tajiri mmoja. Wageni wakapungua, mwisho tukabaki wawili, yeye barazani, mimi chumbani. Siku nzima ilipita bila mtu kuniita jina langu. Nilimwona akinywa uji bila sukari. Nami, Mungu anisamehe, kila nikipita nilichungulia ile rafu. Nilijiambia, mwenye njaa hana simile. Kopo likitoweka, mimi nitalala stesheni.

Asubuhi moja akaja dalali wa mahakama, na yule tajiri mdai nyuma yake. Wakatoa vitanda, mizani, hata kinu, maana nyumba nayo ilikuwa imechukuliwa kwa deni. Dalali akalifikia kopo.

"Hilo si langu," Mzee Mihayo akasema. "Ni amana ya mpangaji."

Mdai akacheka. "Mzee, usitufanye watoto! Umeficha pesa zako humo, unamsingizia huyu mama. Kilichomo nyumbani mwako ni chako, na chako sasa ni changu."

"Mimi ndiye niliyefilisika, bwana. Amana haijafilisika."

Dalali akanigeukia. "Mama, una ushahidi gani?"

Nikanyoosha gumba tu. Wakapasha kipande cha nta, nikabonyeza. Dalali akaziweka alama mbili juani, akalinganisha kovu na kovu. Akalifuta kopo kwenye orodha yake, akanikabidhi.

Nikaivunja ile nta. Lo! Noti zangu zilikuwa vile vile nilivyozikunja. Nikamwambia, "Mzee, chukua nusu."

"Hapana, mama. Wewe unahitaji chumba."

Akachukua kamba yake ya kupandia mizinga, akashika njia ya porini. Wale wote waliokula kwake, hata mmoja hakuja kumuaga. Nilimsindikiza mimi, mgeni niliyekuwa nikimshuku. Nilitaka kumwomba radhi, aibu ikanizuia. Mwisho wa mtaa akasema, "Rudi sasa ukatafute chumba, wengine watakuwahi." Nikarudi. Sikumwona tena, na radhi ile bado ninayo moyoni.

Maneno ya mzee yule, dalali aliyatembeza mjini mpaka yakawa ya watu wote. Mimi nilipata chumba kwa pesa ile ile, nikashona nguo miaka na miaka, hadi nikajenga nyumba hii na kuweka wapangaji wangu.

Basi siku ninapowaambia sukari imekwisha na pesa sina, msininunie huku mkiyakodolea macho makopo matatu pale rafuni. Yatazameni vizuri, kila moja lina kidole cha mwenyewe. Mtu hufilisika, wajukuu zangu, amana haifilisiki.