Mtoto wa Ahadi Tatu

Sogeeni karibu, maana kesi hii imenishinda, na ninyi mnajifanya mna akili.

Pale Tukuyu palikuwa na mabinti watatu wa ofisi moja ya kompyuta. Sekela alikuwa na kipaji cha kuandika programu. Bupe alijua kuzipandisha kwenye wingu, yaani zile kompyuta za mbali zinazoifanya programu ionekane popote. Tumpe alikuwa na jicho la makosa, hata yaliyojificha. Walikuwa wakitengeneza tovuti ya kuwaita wachangia damu.

Mchana mmoja wa mvua, jirani yao Ambakisye aliingia akihema. Mkewe, Atuganile, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na damu haikatiki. Hospitali ilikuwa imeishiwa damu ya kundi lake.

"Dada zangu, ile tovuti yenu iko wapi?"

Ilikuwa bado. Mamia ya watu walishajiandikisha, lakini sehemu ya kuwaita haikuwa tayari, na kuwapigia simu mmoja mmoja kungechelewa mpaka Atuganile afe.

Ambakisye alimshika Sekela mkono. "Imalize, dada. Mke wangu akipona, mtoto atakuwa wajina wako." Sekela aliandika bila kuinua uso mpaka programu ikakubali kwenye kompyuta yake.

Bupe akataka kuipandisha, mtandao ukagoma. Ambakisye, amechanganyikiwa, akamwambia naye, "Dada, ipandishe. Mtoto atakuwa wajina wako." Bupe akaifunika kompyuta kwa koti, akapanda juu ya paa na mvua ile ile kutafuta mtandao. Aliteleza, goti likachubuka vibaya. Hakushuka mpaka programu na orodha yote ya wachangiaji vilipofika kwenye wingu.

Tovuti ikafunguka tupu. Hakuna aliyeitwa. Simu ya Ambakisye ikalia, nesi akasema, "Baba, fanyeni haraka."

Tumpe hakuwepo. Alikuwa amegombana na Sekela, hata salamu hawapeani, amejifungia kwake nyumba ya pili. Ambakisye akamgongea mlango akilia. "Dada, njoo. Mtoto atakuwa wajina wako." Tumpe akaja, akakaa bega kwa bega na mtu aliyemnunia, akasoma ujumbe wa makosa mstari kwa mstari.

"Sekela, programu iko kwenye wingu, lakini umeiagiza itafute orodha kwenye kompyuta yako. Itaionaje?"

Tumpe akabadilisha anwani hiyo moja ya orodha. Simu zikaanza kuita mji mzima. Mwanamume mmoja akatoka mbio shamba la chai, buti zimejaa tope, akatoa damu. Atuganile akapona.

Najua kuna atakayesema jina apewe huyo mwanamume. Aliulizwa, akakataa: "Mimi nimeitika tu."

Siku ya kumpa mtoto jina, mabinti wote watatu walifika, kila mmoja na khanga ya wajina wake. Ambakisye alipoziona khanga tatu, aliona aibu mpaka akakosa pa kutazama. Bila Sekela, hakuna programu. Bila Bupe, ingebaki mezani. Bila Tumpe, ingekuwa bubu.

Atuganile akamwekea mtoto mikononi. "Mume wangu, kwa uhai wangu uliahidi jina mara tatu, na mtoto ni mmoja. Mwite."

Ambakisye akamtazama mtoto, akazitazama khanga tatu, akamrudishia mama mtoto wake. Mpaka leo ukipita pale utasikia wakimwita "Mtoto" tu.

Haya, mpokeeni. Wewe uliyekaa hapo mbele, ungemwita nani?