King'ora Kilichozibwa kwa Adabu

"Mziba king'ora husikia kishindo." Mmemsikia mkufunzi wenu akiitamka methali hii leo kando ya lori la mazoezi, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Makambako, katika yadi ya malori ya mbao, na chanzo chake ni hiki.

Ilikuwa alfajiri, na malori yalikuwa yakiwashwa bila kelele. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Lori zito hufunga breki kwa nguvu ya upepo uliojazwa kwenye mitungi. Likilala, upepo hupungua. Asubuhi ukiwasha, king'ora kidogo nyuma ya dashibodi hulia mpaka mitungi ijae. Barabarani hulia tena upepo ukipungua, kumwonya dereva kabla breki hazijamsaliti.

Lakini madereva wa yadi ile walilala ndani ya malori yao, na aliyeondoka mapema aliwaamsha wote. Ikawa ni adabu kukiziba kwa kitambaa. Mgeni asiyeziba aliulizwa, "Kwenu hakuna watu wanaolala?" Mwanzoni walikizibua wakifika barabarani. Baadaye wakaacha. Bi Tulinagwe, meneja, ambaye nyumba yake ilipakana na yadi, aliwahi kuwasifu kwa utulivu huo.

Asubuhi ile Ngailo, dereva mkongwe kuliko wote, aliondoka na shehena ya mbao. Kwenye mteremko mpira mmoja unaopeleka upepo kwenye breki ukaanza kuvuja. Mshale wa kipimo ulishuka, lakini Ngailo hakuutazama. Alizoea kuonywa kwa sikio. Upepo ulipokaribia kwisha, breki za dharura zilikamata ghafla, kama zilivyoundwa. Tela likapinda, likalala kwenye shamba la viazi, mbao zikamwagika. Hakuna aliyekufa. Ngailo alivunjika mkono.

Lori lilipovutwa hadi yadini, Ngailo alisema mbele ya wote, "Fundi Mwalongo hakuukaza mpira."

Bi Tulinagwe akamtaka Mwalongo akabidhi funguo za stoo na aende nyumbani kwake.

"Niliukaza, kaka," Mwalongo alisema huku akizitoa mfukoni. "Lakini tuseme sikuukaza. Upepo ulipovuja, king'ora hakikulia?"

"Hakikulia," Ngailo alijibu. "Na hicho nacho si kazi yako?"

"Basi tukisikilize kabla sijaondoka."

Bi Tulinagwe alipanda mwenyewe, akazungusha ufunguo. Mitungi ilikuwa mitupu. King'ora kilipaswa kulia. Kimya. Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akavuta kitambaa cha kijani. Mara king'ora kikalia. Kila mtu alilijua sweta lililokatwa kipande kile. Ngailo alikuwa amelivaa.

"Kumbe king'ora nacho husikia baridi!" alitania dereva mmoja, Chaula. Wawili watatu wakacheka.

Meneja hakucheka. "Chaula, lete ufunguo wako."

Mwalongo aliutoa upepo wote kwenye mitungi ya lori la Chaula. Likawashwa. Kimya. Wakaenda kwenye lori la jirani yake, kisha lililofuata. Kimya kilekile. Hakuna aliyecheka tena. Bi Tulinagwe akazirudisha funguo za stoo mkononi mwa Mwalongo.

Ngailo akamgeukia Mwalongo. "Fundi, nimekusingizia mbele ya watu. Nililijua jambo hili tangu nikiwa pale shambani."

"Ulijua, kaka, ukaniacha nikabidhi funguo?"

Ngailo aliuvuta upindo wa sweta lake ili kuficha mahali palipokatwa, lakini kwa mkono mmoja hakuweza.

Kesho yake alfajiri yadi nzima ililia. Hakuna aliyelalamikia usingizi. Ngailo alisimama langoni, mkono kwenye plasta, na kwa kila dereva aliyepita alirudia maneno yale yale:

"Mziba king'ora husikia kishindo."